Nyota Iliyokataa Kufifia

"Sita," akasema Kemilembe.

Nilikuwa nimeshaandika tatu kwenye daftari langu, maana hesabu ya wiki ya ishirini naijua bila kutazama dirishani. Ndiyo ubaya wa kufundisha jambo moja miaka mingi, unafika mahali unaacha kulitazama. Nikamwambia arudie.

Hapa Jiweni anga ni nyeusi asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo somo la nyota tunalifanya saa tatu asubuhi, watoto wakishakunywa uji. Jiwe letu linajizungusha, na dirisha la chekechea linaipata Subira kwa saa moja tu kwa siku. Ndilo dirisha pekee kambini. Watu wazima wanaishi na kufanya kazi chini, ndani ya mwamba, na wengi wao hawajaiona nyota tangu waliposhuka melini. Watoto tisa wanajipanga pale kioo kilipo, kila mmoja na fungu lake la plastiki za rangi ya moshi, vipande kumi na viwili vilivyotobolewa kona na kufungwa kwa uzi. Unaitazama nyota kupitia kipande kimoja, kisha viwili, kisha vitatu, mpaka inapotea. Idadi ya vipande vilivyotosha kuifunika ndiyo mwangaza wake. Nyota kali inakula vipande vingi, nyota dhaifu inamezwa na kimoja. Mtoto wa miaka minne anaweza. Hata mwenyekiti wa kambi anaweza, nikimshika mkono.

Subira si nyota, ni meli. Iliondoka na watu kumi na wanne kwenda kutafuta barafu kwenye miamba ya mbali, kwa sababu barafu yetu inakwisha, na mkiani ina taa kali inayotutazama sisi. Watoto sita kati ya hao tisa wana mzazi mle. Kila asubuhi kabla ya kuhesabu wanaiamkia kwa sauti moja, "Shikamoo, Subira!" Mimi ndiye ninayeitikia marahaba kwa niaba ya meli, kwa sauti nene, na wao wanacheka kila siku kana kwamba hawajawahi kunisikia.

Wiki ile ilipoondoka niliwapeleka kwenye korido ndefu. Nikampa Mkude tochi ya mfukoni asimame karibu nasi, na Salha nikampa taa kubwa ya mgodini aende nayo mpaka mwisho kabisa. Nikauliza ipi ina nguvu.

"Ya Mkude!" wakapiga kelele, na Mkude akavimba kichwa.

Nikamwita Salha. Akaja hatua kwa hatua na taa yake, na alipofika tulipo sote tukawa tumefumba macho na kugeuza nyuso. "Taa haikubadilika," nikawaambia. "Kilichobadilika ni umbali. Na nyota ndivyo zilivyo. Ile mnayoiona hafifu pengine ni jitu la moto lililokaa mbali, na ile inayojidai pengine ni jirani tu."

"Kama Mkude," akasema Kemilembe.

Alikuwa na miaka sita na miezi kadhaa, mwembamba, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize sentensi. Mama yake, Kokuhumbya, ndiye aliyekuwa mkuu wa mitambo ndani ya Subira. Baba hakuwa naye. Huku nyuma aliachwa kwa mama yake mdogo, Kokugonza, anayesimamia mashine za hewa.

Siku ileile ya tochi ndipo niliposema maneno ambayo leo ningetoa chochote niyarudishe kinywani. Niliwaambia Subira itafifia, wasiogope, itafifia wiki hadi wiki, na siku watakapoiona inaanza kung'aa upya wajue wazazi wao wameshageuza na wako njiani kurudi. Nikawapa na kanuni yake. Umbali ukizidi mara mbili, vipande viwili vinapungua. Wiki ya kwanza kumi na viwili, ya pili kumi, ya nne vinane, ya nane sita. Wiki ya ishirini ilitakiwa viwe vitatu.

"Sita," akarudia. "Na jana sita. Na wiki ile nyingine sita."

Wenzake walikuwa wameandika tatu. Walinisikia nikinong'ona wakati naandika, na mtoto akimsikia mwalimu ana haja gani ya kuhangaika na plastiki? Kemilembe peke yake ndiye aliyekuwa akihesabu kweli. Akanifungulia daftari lake. Kila siku amechora viboksi, kimoja kwa kila kipande, na kwa kurasa nyingi mfululizo nikaona viboksi sita, sita, sita.

"Subira imesimama, Mwalimu. Kwani inatungoja sisi?"

Nikachukua plastiki zake, nikaweka jicho. Kimoja, viwili, vitatu, taa ipo. Vinne, vitano, ipo. Cha sita ndicho kilichoifunika. Nikawaambia watoto wachore chochote wanachotaka, nami nikashuka chini.

*

Ofisi ya Mzee Shekalaghe, mwenyekiti wetu, ni finyu kiasi kwamba ukikaa magoti yanagusa meza. Nilimkuta na Fundi Pandu wa mitambo ya simu. Salamu sikutoa.

"Subira iko wapi?"

"Kaa kwanza, Mwalimu Nakijwa."

"Sikuja kukaa. Iko wapi?"

Pandu akainamisha kichwa. Yule ni mtu wa Unguja, mcheshi, hakosi neno hata akiamshwa usingizini, na kumwona amekosa neno kulinijibu kabla mwenyekiti hajafungua mdomo.

"Haipo," akasema mzee. "Wiki ya tisa. Tangi la mafuta lililipuka. Hawakuteseka, Mwalimu, ilikuwa mara moja."

Wiki ya tisa! Nikakumbuka kwamba tangu hapo barua zao hazikuja tena, tukaambiwa antena ya meli imeharibika, tukaamini. Kwa nini tusiamini? Kila mchana watoto walishuka na habari kwamba taa wameiona.

"Na ile taa?"

"Ile ya boya," akasema Pandu kwa sauti ya chini. "Subira iliacha boya njiani siku mbili kabla, la kupokezana simu. Lina taa sawa na ya meli, zimetoka kiwanda kimoja. Nikaliwasha nikiwa hapahapa. Dirisha lenu tulilifunga siku moja tu, mkaambiwa linasafishwa, kesho yake taa ipo. Nikajiona hodari, wallahi."

"Boya halisogei, Pandu."

"Halisogei, ndiyo."

"Kisichosogea hakififii. Chekechea nzima inalijua hilo."

Alinitazama kama niliyemsemesha Kichina. Pandu alikuja Jiweni akiwa mdogo na amekulia kwenye korido, ambako taa iliyo mbali kabisa iko hatua thelathini. Yeye taa kwake ama inawaka ama imezimika. Haikumpitia akilini kwamba kuna taa inayopungua kwa sababu ya njia tu, na kosa lile asingelifanya mtu aliyewahi kusubiri mgeni barabarani gizani. Hasira zangu zikakosa pa kukaa.

"Unaukumbuka msiba wa Mzee Chikoti," akasema mwenyekiti.

Nani asiyeukumbuka. Alifariki mtu mmoja, kwa umri wake, tukaweka matanga siku tatu kama tulivyolelewa. Mikeka ikatandikwa, ubani ukafukizwa, kahawa ikapikwa, watu wakajazana kumliwaza mjane. Siku ya pili valvu ya korido ya pili ikaanza kuvuja na mbele ya geji hapakuwa na mtu. Tukaanua matanga tukiwa na maiti watatu badala ya mmoja. Ndipo kambi nzima ikakaa kikao ikapitisha kwamba msiba hautangazwi mpaka meli ya zamu ifike na wageni wake, iwepo mikono ya kukaa na mikono ya kulinda hewa. Tulinyoosha vidole. Na mimi nilinyoosha changu.

"Safari hii ni kumi na wanne," akaendelea. "Sisi wote ni sitini na wawili. Hakuna chumba kisicho na mtu wake mle. Nikitangaza leo, nani atabaki kwenye mashine? Kokugonza? Dada yake wa tumbo moja yumo."

"Meli ya zamu inafika lini?"

"Wiki saba."

Nilitaka kumchukia na sikuweza, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu, na mmoja wa wale kumi na wanne alikuwa mwanawe.

"Pandu anaweza kuipunguza taa," akasema. "Hajui tu aipunguze kiasi gani. Wewe unajua."

Nililia palepale, magoti yakiwa yamebanwa na meza yake. Nikamlilia Kokuhumbya aliyekuwa akinisuka, nikawalilia wote. Nilipomaliza nikafuta uso kwa kanga nikaomba kalamu.

*

Hesabu ilinichukua dakika kumi. Kutoka sita kwenda tatu ni kuikata taa nusu mara tatu, kwa hiyo ibaki thumuni ya nguvu yake, na baada ya hapo ipungue kidogo kila wiki. Nikamwandikia Pandu orodha ya wiki saba. Nimewahi kufanya mambo mengi ya kipuuzi maishani, lakini jambo baya sijawahi kulifanya kwa usahihi kiasi kile.

Asubuhi nikamwita Kemilembe kando.

"Plastiki zako zilikuwa chafu, mama. Ndiyo maana ulikuwa unakosea. Chukua mpya hizi."

"Nilikuwa nazifuta kila siku. Na kitambaa cha Ma'mdogo."

"Hata hivyo."

Akaenda dirishani. Wakaiamkia Subira, nikaitikia marahaba, wakacheka. Akahesabu kwa plastiki mpya. Kisha, mtoto huyu, akatoa zile za zamani mfukoni akahesabu nazo pia.

"Mpya tatu," akasema. "Na hizi chafu tatu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwongo anatakiwa awe na kumbukumbu na akili, na mimi siku ile sikuwa na kimoja. Nikasema, "Basi ni macho. Macho huchoka, Kemi. Watu wote hukosea."

"Siku zote zile?"

"Siku zote zile."

Alinitazama mpaka nikamaliza sentensi, na nilipoimaliza akaendelea kunitazama. Halafu akaomba kifutio. Alikaa kwenye meza ya pembeni mpaka saa ya chakula, akifuta viboksi vitatu katika kila ukurasa, wiki kumi na moja nzima. Makombo ya kifutio yalijaa mezani, akayakusanya kwa kiganja akayatupa mwenyewe. Sikumzuia, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Nilidhani imeisha. Kumbe ilikuwa inaanza. Siku ya pili yake nilimwona amesimama dirishani na plastiki zimening'inia mkononi, anasubiri. Mkude aliposema "tatu", naye akasema "tatu" akachora. Mkude, ambaye angekwambia tatu hata ukimwonyesha jua! Siku iliyofuata vilevile. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Hakuiweka plastiki jichoni hata mara moja.

Kisha ikaja siku ya maharage. Tulikuwa tunahesabu maharage mezani, hesabu ya kawaida tu, haina nyota wala meli. Nikamwekea saba. Akayagusa moja moja, midomo ikicheza, akafika la mwisho. Halafu akainua macho akaniangalia usoni, akaniangalia mdomo hasa, kuona kama nitaonyesha dalili, kabla ya kusema saba. Na alisema kwa kuuliza.

"Saba?"

Nikamwambia ndiyo, saba. Nikatoka nje ya darasa nikasimama koridoni nimeegemea ukuta. Wazazi wake wengine wote, mimi, mwenyekiti, Pandu, tulikuwa tumemhesabia kwamba kwa wiki saba tunamkopesha mama. Kumbe tulikuwa tunachukua macho yake, na hayo meli ya zamu haiji nayo.

*

Nilimfuata Pandu karakana. Nilimweleza yote, nikamwambia mimi naenda kusema, na kwamba sitaki watu wafe kwa ajili ya usafi wa roho yangu, kwa hiyo namhitaji. Alikuwa ameshika koleo. Aliligeuzageuza.

"Mwenyekiti atatung'oa roho."

"Atung'oe."

"Nilifunzwa zile mashine zamani," akasema mwishowe. "Naweza kusimama zamu mbili mfululizo. Ya tatu nitasinzia."

"Mbili zinatosha kuanzia."

Jiweni hapana mtu anayepokea zamu ya mwenzake kabla ya wakati. Ukiumwa unaumwa palepale ulipo. Kuna sababu moja tu inayomtoa mtu, na kila mtu anaijua. Kwa hiyo Kokugonza alipogeuka kutoka kwenye geji na kumwona Pandu mlangoni ameshavaa glavu, na mimi nyuma yake nimejitanda kanga, hakuuliza tumefuata nini. Alishika bomba lililokuwa karibu.

"Dada?" akasema.

"Dada," nikasema. "Na wenzake wote."

Hakupiga ukelele. Alilia akiwa amesimama, machozi yakimwagika juu ya ovaroli, na mkono mmoja haukutoka kwenye valvu. Pandu alipomsogelea ampokee akamsukuma kwa kiwiko.

"Tulia wewe. Mikono yangu haijafa." Akasoma geji, akaandika namba, akalia tena. Kisha akaniuliza, "Mtoto anajua?"

"Yeye ndiye aliyejua wa kwanza. Mimi nikamwambia anakosea."

Nilimsimulia kwa ufupi. Nilitegemea anitukane, na ningemshukuru. Alisikiliza huku akiangalia sindano ya geji.

"Nikienda mimi atanitazama nalia, atashughulika na mimi, hatauliza anachotaka kuuliza," akasema. "Nenda wewe. Wewe ndiye uliyemwambia amekosea. Kamwambie. Kisha niletee mwanangu hapa, nitampakata nikiwa zamuni."

Nilimkuta darasani peke yake, wenzake wameenda kula. Alikuwa anapanga vikombe. Nikakaa chini sakafuni ili nisiwe juu yake.

"Kemi, ulihesabu vizuri."

"Vikombe?"

"Subira. Siku zote zile. Sita ilikuwa sita. Macho yako hayakuchoka na plastiki zako hazikuwa chafu. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Uso wake ukafunguka. Sijui niuelezeje. Alirukaruka, jamani, alishika mikono yangu akarukaruka. "Nilijua! Nilimwambia Mkude ni sita, akasema mimi sijui kuhesabu! Nilijua!" Nikamwacha afurahi. Nilitamani afurahi mpaka jioni, mpaka kesho, nisiwe na haja ya kusema neno jingine.

Lakini huyu ndiye Kemilembe. Akatulia, nikaona anafikiri.

"Mbona sasa ni tatu?"

"Tuliipunguza sisi. Ile si taa ya Subira. Ni taa nyingine iliyokaa pale, haisogei."

"Ya Subira iko wapi?"

"Haipo, mama. Subira ililipuka njiani. Mama yako amefariki. Wote waliokuwemo wamefariki."

Hakulia. Aliniachia mikono, akaenda kwenye begi lake akatoa daftari, akaja kukaa karibu yangu sakafuni. Akaanza kufunua kurasa kwa kurudi nyuma, zile zilizochakaa kwa kufutwa, moja baada ya nyingine, akilamba kidole kama mtu mzima. Mwishowe akafika kwenye ukurasa usio na viboksi. Ulikuwa na miduara miwili mikubwa, imepakwa rangi ya kahawia.

"Hapa hatukuhesabu," akasema. "Dirisha lilifungwa. Ni siku hii?"

Nikahesabu siku kichwani, polepole, kwa sababu sasa nilikuwa naogopa kukosea mbele yake.

"Ndiyo. Ni siku hiyo."

"Kwa sababu kesho yake ndiyo sita zinaanza."

"Ndiyo."

Akaiwekea kidole miduara ile. Nami, mwalimu ni mwalimu hata pasipostahili, nikamuuliza ni nini.

"Chapati," akasema. "Walitupikia chapati kwa sababu tulinuna dirisha kufungwa. Mkude alikula moja." Kidole kikahama kutoka mduara wa kwanza kwenda wa pili, kikabaki pale. "Mimi nilikula mbili, Mwalimu."

Ndipo akaanza kulia.